Injini Iliyozimika Palepale

Tangu nirudi, hapa karakana hamnipi nafasi ya kushika spana. Kila anayepita anauliza, "Paskali, ni kweli huko kwenu kuna mashua inayoshikwa na wafu?" Nimejibu vipande vipande mpaka nimechoka, na kila kipande kinanirudia kikiwa kimetiwa chumvi. Juzi nimesikia kwamba nilipambana na kiboko kwa bisibisi. Basi nimekaa niandike mara moja, kwa kufuata njia nilivyoipita, mpeane msome, mniache nifanye kazi. Habari za kuomba likizo na kupanga foleni ya tiketi naziruka, adha hiyo kila mmoja wenu anaijua.

Mjue kwanza kilichonipeleka. Dada yangu, Mama Regina, ameolewa Babati, kando ya ziwa, upande wa Nakwa. Mumewe, Leonsi, ndiye aliyekuwa akiendesha mashua ya kijiji. Mwaka jana wakati wa kipupwe alitumbukia ziwani na maiti yake haikupatikana. Tangu siku hiyo injini ya mashua ikawa inazimika katikati ya ziwa, mahali palepale alipozama. Watu wakamtupia lawama dada yangu: eti alitoka kwenye msiba kabla ya muda, akateremka majini kumwita mumewe kwa jina, na maji yakachukizwa. Wakamtenga kwa desturi yetu, ambayo wengi wenu hamuijui. Aliyebeba kifo kibichi haombi wala hapewi moto, hali chakula pamoja na watu, hagusi mtoto, hata wa kwake mwenyewe.

Dereva mmoja wa lori ndiye aliyenifikishia habari hapa Mwanza. Wazee walikuwa wamesema kwamba mashua ikiendelea kusimama hadi masika, dada arudishwe kwetu Mbulu, na bintiye Regina abaki kwa babu yake. Nilikasirika. Nikajiambia, hiyo injini inaumwa tu kama injini nyingine. Nikachukua kabureta niliyoifufua mwenyewe kutoka kwenye mabaki ya mashine mbili, nikaizungushia shati langu la Jumapili, nikaondoka.

Mwanza hadi Dodoma

Treni ilikwenda vizuri mpaka Tabora, na huko mbele ikasimama porini. Hakuna aliyetuambia sababu. Tulikaa hapo mchana kutwa, abiria wakashuka, wakapanga mafiga, wakapika uji kando ya reli kana kwamba wamehamia.

Mbele yangu alikaa mama mmoja wa Manyoni mwenye kapu la mihogo ya kuchemsha. Alinigawia bila kuulizwa, na mimi nilipofungua mfuko kutafuta chumvi, akaiona kabureta.

"Kumbe una mashine ya kusaga nyama!" akasema kwa furaha. "Na nyama unaipata wapi, baba, tufuatane?"

Nikacheka, nikamweleza. Lakini mgambo aliyekuwa akipita kukagua mizigo hakucheka. Siku hizi kila mwenye kifurushi kizito anaonekana mlanguzi. Aliigeuza kabureta, akaipuliza tundu, akainusa, akaniuliza ni ya redio gani. Nikasema ni ya mashua. Akachungulia dirishani, akaangalia miombo na udongo mkavu hadi upeo wa macho, kisha akaniangalia mimi.

"Mashua," akasema.

Ingekuwa si yule mama kuapa kwamba mimi ni mkwe wake, pengine ningekuwa rumande ya Itigi mpaka leo.

Dodoma hadi Kondoa

Dodoma nilipata lori la magunia ya unga wa njano, ule wa msaada. Nilikaa juu ya magunia pamoja na abiria wengine. Dereva alikuwa na tabia moja iliyonikosesha raha: kila mteremko alizima injini ili kuokoa mafuta. Lori zito linateremka kimya, husikii kitu ila upepo na magunia yakisuguana, na watu wote wanaacha kuzungumza. Mimi maisha yangu yote nimekaa penye mngurumo. Kimya cha namna ile kilinifanya nishike kamba kwa mikono miwili.

Tulifika Kondoa Jumapili, na mchana wa Jumapili magari yalikuwa yamekatazwa kutembea. Tukalala hapo. Kwenye hoteli nilikula ugali wa unga uleule niliokuwa nimeukalia, kwa mlenda, na sikuona aibu kuomba kuongezwa. Karibu yangu alikaa bwana mmoja anayefanya kazi Babati, mchangamfu sana, tukapiga soga vizuri. Nilipomwambia nakwenda kutengeneza mashua ya Nakwa, akainamia sahani yake. Akamaliza chakula chake bila haraka, akanawa.

"Ukifika pale katikati," akasema, "wakikwambia geuka, geuka."

Nikamuuliza nigeuke wapi. Alikuwa ameshatoka nje, na kesho yake hakupanda lori letu ingawa alisema analisubiri.

Kondoa hadi Babati

Bereku tuliipita ndani ya ukungu. Huko juu, kwenye kona, tulimchukua abiria aliyevaa kaptura nyeupe ya kitambaa kigumu, imeshonwa vizuri ila tako moja lina tundu la duara lenye pete ya shaba. Sikuweza kujizuia kuuliza. Akajibu bila kuona ajabu yoyote kwamba ni tanga la mashua.

Mashua hiyo, nikaja kuelewa, ndiyo ya Nakwa niliyoifuata; iliachwa na mzungu mmoja mwenye shamba, ilikuwa ya tanga yenye kiinjini kidogo cha petroli cha kusaidia upepo ukilala. Nguo zilipoadimika madukani, kijiji kikakaa kikao, tanga likakatwa, watu wakashonewa kaptura. Ikabaki injini peke yake. Nilipoteremka sokoni Babati niliziona hizo kaptura hapa na pale, kwa muuza vitunguu, kwa mwenye baiskeli, kwa fundi viatu, na nikajikuta nazihesabu kama vile mashua yenyewe imesambaa mjini ikitembea kwa miguu ya watu. Nilikuwa nimechoka, sikatai.

Nakwa

Nyumba ya mkwe wa dada yangu, Mzee Bura, ipo juu kidogo ya ziwa. Ni baba wa Leonsi, na tangu msiba ndiye anayeendesha mashua. Mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Karibu maziwa."

Nilinywa maziwa ya mgando nikala na ugali wa mtama, na Regina akaja kunishika magoti. Ana meno mawili tu ya mbele yaliyobaki, anaongea bila kupumzika. Lakini nilipouliza mama yake yuko wapi, alinyoosha kidole upande wa shamba na kukirudisha upesi, kama aliyegusa chungu cha moto.

Dada yangu alikuwa kwenye kibanda mwisho wa mahindi. Nilisimama mbali, maana yeye mwenyewe alinizuia kwa mkono.

"Usisogee, Paskali. Wataniongezea adhabu."

Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ileile ya kunifokea tulipokuwa wadogo. Nikamuuliza kama kweli aliteremka ziwani kumwita.

"Niliteremka. Ungekuwa wewe usingeteremka? Mtu ameondoka asubuhi amekunywa uji wangu." Akaangalia upande wa nyumba. "Sasa hata mtoto wanamfundisha kuniogopa. Anapita na maji pale njiani, anaangalia chini. Kama huwezi kuitengeneza, sema mapema, nijue."

Nikamwambia naweza. Nilisema kwa kujiamini sana, na Mungu anajua nilikuwa naamini.

Ziwani, mara ya kwanza

Injini niliiona asubuhi. Ni ya silinda moja, imekaa nyuma ndani ya sanduku la mbao, tanki lake likiwa juu yake ili petroli iteremke yenyewe. Kabla ya kufungua chochote nilimwambia Mzee Bura anipeleke nione ugonjwa kwa macho yangu. Tukapanda pamoja na wanawake watatu waliokuwa wakipeleka mahindi mjini.

Iliwaka kwa mvuto mmoja. Ikanguruma vizuri, moshi mwembamba, mlio sawasawa. Tuliacha matete, tukawapita viboko waliokuwa wametoa masikio tu majini. Mlima Kwaraa ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka mabegani. Nikaanza kufikiri kwamba nimetoka Mwanza bure.

Kisha ikakohoa. Ikakohoa tena, mlio ukapanda juu ghafla, ukafa.

Wale wanawake hawakushtuka. Waligeuka wote kwa pamoja, wakaipa sehemu ya nyuma ya mashua migongo, wakajifunika khanga usoni. Mzee Bura alikuwa ameshika fungu la majani mabichi.

"Geuka, mwanangu," akasema kwa upole.

Nikageuka. Hapakuwa na upepo. Maji yalikuwa ya kijivu, laini, bila hata duara la samaki. Nikasikia mzee akisema maneno ya kwetu, akiwaomba wenye maji, yaani mizimu ya ziwa, akimtaja mwanawe. Halafu nyuma yangu kitu kikavuta pumzi. Kilivuta kwa nguvu, kwa muda mrefu, pumzi ya mtu aliyekuwa chini ya maji na sasa amefikisha kichwa juu. Nikasikia matone yakidondoka ziwani, moja moja. Mzee akavuta kamba, na injini ikawaka kana kwamba haijawahi kuumwa.

"Umewasikia?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeubana mkono wa mama wa watu, akalazimika kunibandua vidole.

Siku za spana

Ninyi mafundi mtataka kujua nilichofanya. Nilianza na plagi: cheche ilikuwa ya buluu, nene, haina kosa. Nikaenda kwenye petroli. Nilimimina kidogo kwenye chupa ya glasi, nikaiacha juani, na kweli chini palikaa maji, na harufu ilikuwa nusu ya mafuta ya taa, kama petroli yote ya mwaka huu. Nikafurahi kama mjinga. Nikaichuja yote kwa kitambaa cha kofia yangu. Nikafungua kabureta yao: ndani ya kikombe kulikuwa na unga wa kahawia na gundi, kitundu cha petroli kimeziba nusu, boya limevimba upande. Nikasema, huyu hapa marehemu wenu.

Nikafunga kabureta yangu. Nikasafisha mpira wa mafuta kwa kupuliza. Nikaiwasha injini pale ufukweni, mashua imefungwa kwenye mti, ikanguruma asubuhi nzima huku mimi nikiongeza petroli kwa chupa na kuirekebisha sindano. Haikukohoa hata mara moja. Watu wakaja kuangalia. Regina aliruka ruka akiniita Anko Fundi. Nilimtuma akamwambie mama yake kwamba imepona, na yule mtoto, kwa kujisahau, alikimbia mpaka karibu kabisa na kibanda, bibi yake akamkemea akarudi analia.

Mchana tukaingia ziwani, mimi, Mzee Bura na wazee wawili waliotaka kushuhudia. Viboko walewale. Kwaraa ileile chini ya wingu. Na palepale, karibu kabisa na pale pa kwanza, injini ikakohoa, ikapandisha mlio, ikafa.

Kabureta mpya. Petroli safi. Cheche nzuri. Jamani, mimi si mtu wa kuogopa ovyo, lakini hapo niliogopa. Nilifikiri kwamba dada yangu anaondoka bila mtoto wake na mimi ndiye niliyemthibitishia hukumu. Wazee wakageuka. Mzee Bura akaniambia nigeuke.

Nikageuka, na nikasikia ile pumzi. Safari hii, pamoja na pumzi, ikanifikia harufu. Petroli. Harufu ya petroli mbichi, ya tanki lililofunguliwa.

Nikakumbuka mambo mawili. Yule bwana wa Kondoa na onyo lake, na asubuhi ile ufukweni, jinsi kifuniko cha tanki kilivyokuwa kimelala juu ya jiwe muda wote nilipokuwa nikiongeza mafuta kwa chupa. Nikageuza shingo. Mzee Bura alikuwa amekiinua kifuniko kwa mkono mmoja, na mkono mwingine unadondosha petroli kutoka kwenye kitambaa kuwapa wenye maji, sadaka ya kitu cha thamani kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Alikuwa amefumba macho na machozi yanamtoka. Nikarudisha uso wangu mbele haraka.

Nta

Jioni, kabla jua halijazama, nilikichukua kile kifuniko nikakiweka mdomoni na kupuliza. Hewa haikupita. Kwa ndani kilikuwa kimewekewa pete ya mpira wa tyubu, kimekaza barabara. Na kile kitundu kidogo cha juu, ambacho tanki linapumulia, kilikuwa kimejazwa kitu cha manjano. Nikachokoa kwa mwiba. Ilikuwa nta ya nyuki.

Hapo mafundi mmeshaelewa. Asiye fundi aelewe hivi: petroli ikitoka ndani ya tanki lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Hewa ikikosa njia, petroli inashuka kidogo kidogo, mwisho inagoma, injini inakufa kwa njaa huku tanki lina mafuta. Kwa mwendo uleule, kutoka ufukwe uleule, itagoma mahali palepale. Ukifungua kifuniko, tanki linavuta hewa kwa kishindo, na injini inawaka.

Nikamfuata Mzee Bura zizini. Nikamuuliza taratibu nani aliweka nta.

"Mimi," akasema, na alisema kwa fahari kidogo. "Petroli inapotea hewani, mwanangu. Ukiacha tundu, asubuhi unakuta imepungua. Tulikuwa tunapata debe moja kwa kibali, tena kwa kuomba. Nikaziba kama tunavyoziba mzinga. Haikupotea tena hata harufu."

Nilitaka kuuliza aliziba lini. Nilimwambia tu kwamba nimetoboa kitundu, na kesho twende ziwani.

Mara ya mwisho

Tulikwenda wawili. Injini ikanguruma, tukayaacha matete. Mzee alikuwa na majani yake mkononi. Tulipokaribia mahali pale nilimwona anajiandaa, anakaza taya. Injini ikaendelea. Tukapita. Hatukuwahi kupita pale tukiwa kwenye mwendo, na sijui kwa nini ilinitia hofu kuliko ilipokuwa ikifa. Nyuma yetu maji yalijifunga polepole.

"Izime," akasema mzee.

Nikaizima. Akageuza usukani, mashua ikarudi yenyewe kwa mwendo uliobaki, ikasimama karibu na pale. Kimya kikatufunika. Akainua kifuniko cha tanki, akainama, akatega sikio kwa muda mrefu.

Hapakuwa na pumzi.

"Leo hawasemi," akasema.

"Hawakuwa wao, baba. Lilikuwa tanki. Lilikuwa linakosa hewa."

Akakigeuza kile kifuniko, akaona kitundu nilichokitoboa, akapitisha kucha juu yake. Uso wake ulibadilika nikiutazama, na ningetoa mshahara wangu wote nisiwe pale.

"Leonsi alikuwa anasimama hapa," akasema, "ameinama nyuma, anaipigapiga injini. Mimi nilikuwa ufukweni, nilimwona. Ilikuwa mara ya kwanza imezimika. Kiboko akainua mashua." Akakibana kifuniko kiganjani. "Nta niliiweka usiku wa kuamkia siku hiyo. Debe lilikuwa limefika jioni."

Nilitamani aniulize kitu kingine chochote. Aliniuliza hicho hicho.

"Ilikuwa imezibwa, siyo?"

"Ndiyo, baba."

Akaachia majani majini. Hakulia. Tulirudi, na injini haikusita mpaka tumegusa matope.

Hakwenda nyumbani. Alipita moja kwa moja kati ya mahindi mpaka kwenye kibanda, mimi nikimfuata, na mkewe na majirani wakatoka kuangalia. Alisimama mlangoni, karibu kuliko mtu yeyote alivyowahi kusimama.

"Mama Regina," akaita, wote wakisikia, "toka. Kifo hiki si chako, ni changu. Nilikiweka kwa mkono wangu. Toka wewe, niingie mimi."

Dada yangu alitoka akiwa amejishika kwenye mwimo wa mlango. Mzee akaingia, akaketi chini, akageuzia uso ukutani, akiwapa watu wote mgongo.

Babati hadi Mwanza

Njia ya kurudi haina habari. Lori lilikuwa na vitunguu, treni ilichelewa. Nilikaa Nakwa mpaka mvua za kwanza, nikimfundisha kijana wa kijiji kuendesha, na mashua haikuzimika tena. Watu wanavuka, wanauza, wanarudi. Lakini pale katikati bado wanageuka. Na mimi pia, nisiwafiche, niligeuka kila mara.

Mnaniuliza kama nilifanya vizuri kumwambia yule mzee. Sijui. Nimeshaamka mara nyingi nikiwa najibu swali lake kwa namna nyingine, na kila namna dada yangu anapanda lori peke yake.

Siku niliyoondoka ilikuwa siku ya tano ya Mzee Bura kibandani. Mkewe alikuwa hajamsogelea, majirani walikuwa wanapita mbali. Dada yangu alipika ugali, akauweka kwenye sahani moja kubwa, akamshika Regina mkono. Mtoto akaanza kuangalia chini kama alivyofundishwa.

"Angalia mbele," dada akamwambia. "Ni babu yako."

Wakaingia wote wawili, na nikamsikia dada akimwambia mzee anawe mikono, wale pamoja.